Mchezaji wangu wa RoboCup anaufuata mpira kwa nyuma: nimfundisheje kuukatia njia?

MtotoWaKihesa

Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa tatu, sayansi ya kompyuta, na mradi wangu wa kumalizia ni timu ya RoboCup, mashindano ya soka ya roboti, ile ligi ya simulesheni ya 2D isiyo na roboti za chuma. Kwa wasioijua: kila mchezaji ni programu inayojitegemea, 11 kwa 11, wote wameunganishwa kwenye seva moja. Uwanja ni mita 105 kwa 68. Seva inahesabu muda kwa duru, kila duru sekunde 0.1, mechi nzima duru 6,000, yaani dakika kumi. Mchezaji haoni uwanja mzima. Anatumiwa ujumbe wa vile vilivyo ndani ya pembe ya macho yake: kitu fulani kiko umbali huu, upande huu. Mengine ajijue mwenyewe.

Kinachonitesa ni kuupata mpira unaotembea. Nilianza kirahisi: uone mpira, geuka uutazame, kimbia. Mpira ukiwa umesimama anaufikia bila shida. Ukiwa unatembea anaufukuzia kama mbwa anayefukuzia pikipiki, anachora upinde mrefu uwanjani, na akifika adui ameshaupiga zamani.

Nikasema basi nimpe akili ya kasi: umbali wa duru iliyopita toa umbali wa sasa. Hii hapa logi, mchezaji amesimama na mpira unamjia taratibu:

umbali: 18.2, 18.2, 18.2, 16.4, 16.4, 16.4, 16.4, 14.9
kasi: 0, 0, 1.8, 0, 0, 0, 1.5

Mnaona wenyewe. Mara mpira umesimama, mara limepigwa kombora la mita 18 kwa sekunde. Naye anachanganyikiwa, anageuka kushoto, anageuka kulia, haendi popote. Msimamizi wangu alitazama sekunde chache, akasema "weka kichujio cha Kalman", akaingia kwenye kikao. Nimekisoma kichujio chenyewe (hesabu ya kukadiria mahali na kasi ya kitu kutokana na vipimo vyenye makosa), matriki nazielewa, lakini sioni kitanisaidiaje kama namba zinazoingia ndizo hizi. Mwenye uzoefu anisaidie.

---

Logi_Asilia

Mkuu, msimbo wako hauna kosa kwenye kutoa. Hizo namba ndivyo seva inavyozitoa, kwa makusudi.

Seva haikupi umbali halisi. Inachukua logariti asilia ya umbali, inaikata kwa ngazi za 0.1, halafu inairudisha kuwa mita. Piga kikokotoo: e kwa kipeo cha 2.7 ni 14.9, kwa 2.8 ni 16.4, kwa 2.9 ni 18.2. Kati ya 16.4 na 18.2 hakuna namba nyingine ambayo mchezaji wako ataiona maisha yake yote. Mpira ulikuwa unatembea muda wote, pengine nusu mita kila duru, ila wewe unaziona ngazi tu. Ukitoa ngazi kwa ngazi unapata sifuri, sifuri, halafu kishindo. Na kadiri mpira unavyokuwa mbali ndivyo ngazi zinavyopanuka.

Soma ujumbe wa seva hadi mwisho wake. Baada ya umbali na pembe, mpira ukiwa karibu vya kutosha unapewa namba mbili zaidi: badiliko la umbali na badiliko la pembe. Hizo nazo zimekatwa, lakini kwa ngazi ndogo kuliko za kwako. Kwenye mita 16.4 ngazi ya badiliko la umbali ni kama 0.33. Si safi, lakini linganisha na 1.8 yako. Angalizo moja ambalo watu wengi hulipita: ni kasi ya mpira ukilinganisha na wewe. Ukiwa unakimbia, ongeza kasi yako mwenyewe ndipo upate ya mpira.

Sasa kuukatia njia. Usiulize mpira uko wapi. Uliza mpira utakuwa wapi baada ya duru n, na mimi nitaweza kuwa pale baada ya duru n? Kila duru mpira unabakiwa na 0.94 ya kasi yake. Ukianza na kasi v, baada ya duru n umesafiri v × (1 − 0.94ⁿ) ÷ 0.06. Mpira uliopigwa kwa kasi ya mita 2.4 kwa duru utakufa mita 40 mbele, kama hakuna aliyeugusa.

Mfano. Mpira unatoka sifuri ukienda moja kwa moja kwa kasi ya 2.4. Wewe uko mita 25 mbele yake na mita 10 pembeni ya njia yake. Unakimbia mita 1.05 kwa duru, unaweza kuupiga ukiwa ndani ya mita 1.085, na tukupe duru mbili za kugeuka na kushika kasi. Jaribu n = 10: mpira uko 18.5, wewe unahitaji duru 12 na ushee. Bado. n = 11: mpira uko 19.8, unahitaji 11.7. Bado kidogo. n = 12: mpira uko 21.0, unahitaji 11.2. Hapo hapo. Elekea kwenye 21.0 na usiutazame tena mpira kwa hasira. Kitanzi kimoja cha kurudia, mistari kumi ya msimbo.

Kingine: mpira ule unakuwa mwepesi kuliko wewe hadi duru ya 14 hivi, ndipo kasi yake inashuka chini ya 1.05. Ukiwa nyuma yake kabla ya hapo, kila hatua unayopiga inakuacha mbali zaidi. Upinde wako unatokea hapo.

---

NahodhaMstaafu

Salaam nyote. Mimi si mtu wa vyuo. Nimekuwa ofisa wa zamu kwenye meli za mizigo, Mombasa kwenda Salalah na kurudi, na sasa nimetia nanga Likoni. Mjukuu wangu ndiye aliyeniingiza kwenye haya mambo ya programu. Nimeisoma hesabu ya Logi_Asilia nikaikubali, ila kuna jambo amelipita mbio nami ndilo nililolila mshahara miaka yote.

Kijana, wewe unapigana na umbali. Uache. Shika pembe.

Baharini usiku huoni meli, waona taa. Taa nyekundu imetokea upande wako wa kulia. Umbali wake kwa macho? Hakuna ajuaye, taa hafifu ya karibu na taa kali ya mbali zote ni nukta tu. Sasa ofisa wa zamu hufanya nini? Huenda kwenye dira, hulenga ile taa, husoma: 047. Hungoja dakika chache, hulenga tena. Ikiwa 047 imebaki 047 na taa yazidi kukua, basi nyinyi wawili mna miadi, na miadi yenyewe si ya kheri. Hukuhitaji kujua kasi yake wala urefu wa njia yake. Limeandikwa kwenye sheria za kimataifa za kuzuia kugongana baharini za 1972, kanuni ya 7: chombo kinachokaribia kikiwa mwelekeo wake wa dira haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, hesabu kwamba hatari ya kugongana ipo. Na kwa kuwa yeye yuko kuliani kwangu, mimi ndiye wa kumpisha.

Mchezaji wako ataka kinyume cha nilichokitaka mimi. Mimi nilikuwa naikimbia miadi, yeye aitafute. Hesabu ni ile ile. Akimbie upande wowote ambao utaufanya mwelekeo wa mpira usimame palepale, huku umbali wapungua. Mpira ukianza kuteleza kuelekea mbele ya pua yake, utampita kwa mbele: ageuke kuukata mbele zaidi. Ukiteleza kurudi nyuma ya bega lake, yeye ndiye atakayetangulia. Kwa mchezaji, hilo la pili si baya. Aliyetangulia huungoja mpira, aliyechelewa huuangalia. Kwa hiyo mwache mpira uteleze nyuma kidogo, asiung'ang'anie usimame kabisa.

Sasa kwa nini pembe? Nimemuuliza mjukuu seva yenu yakata pembe vipi, akaniambia kwa digrii nzima. Digrii moja kwenye mita 16 ni kama sentimita 28 za upana. Palepale kwenye mita 16, umbali wenu waruka kwa mita moja na nusu na zaidi. Yaani kitu kile kile, duru ile ile, mwakijua upande wake mara tano au sita vizuri kuliko umbali wake. Halafu mwajenga kasi juu ya ule ubovu na kuuacha uzima.

Wafaransa nao walikuwa na jambo hili zamani. Pierre Bouguer, mtu wa hesabu na wa meli, mwaka 1732 aliandika juu ya njia inayochorwa na meli inayoifukuza nyingine huku kila mara ikiielekezea pua pale ilipo. Upinde uliouchora wewe uwanjani, kijana, ndio ule. Una umri wa karibu miaka 300.

Tahadhari moja. Dira yangu ilisoma kutoka kaskazini, haikujali meli yaelekea wapi. Mchezaji wako husomewa pembe kutoka usoni pake. Akigeuza shingo, pembe yabadilika na mpira haujafanya kitu. Jumlisha shingo, jumlisha mwili, upate mwelekeo wa uwanja, ndipo ulinganishe duru na duru.

---

MtotoWaKihesa

Mzee shikamoo. Hii sikuwahi kuifikiria kabisa. Swali: mpira wetu unapunguza kasi kila duru, meli haipunguzi. Si ndio kusema hata nikianza vizuri mwelekeo utateleza tu? Na la pili, mwelekeo wa mwili naupata wapi kwa uhakika, maana nao natakiwa kuukadiria?

---

NahodhaMstaafu

Marahaba mwanangu. Utateleza, na utateleza kurudi nyuma, kwa sababu mpira wachelewa kuliko ulivyodhani. Nimeshasema huo ndio upande mzuri wa kukosea. Changanya na hesabu ya mwenzangu: yake ikupe pa kuelekea mara ya kwanza, maana yeye ameutia ule upungufu ndani, pembe ikwambie baadaye kama ahadi inatimia. Hata sisi tulikuwa na rada iliyopiga hesabu ya mkaribiano wa karibu kabisa, na bado ofisa aliyefunzwa vizuri alisimama penye dira akalenga kwa jicho.

La mwili nawaachia wenye kuijua seva.

---

Logi_Asilia

Nakubali kwa mzee, na sijui kwa nini hatufundishwi hivi. Hilo la mwili: tumia bendera na mistari ya uwanja. Vitu visivyotembea vinakatwa kwa ngazi ya 0.01 badala ya 0.1, kwa hiyo ni sahihi mara kumi. Mahali pako na mwelekeo wako vipate kwenye bendera, mpira usiuhusishe kabisa.

Halafu kuna gharama ambayo mzee hakuwa nayo melini. Kwenye duru moja unaruhusiwa amri moja tu kati ya kukimbia, kugeuka na kupiga. Ukigeuka, hukukimbia. Mbaya zaidi, kugeuka ukiwa kwenye mwendo kunapunguzwa: seva inagawa pembe uliyoomba kwa 1 + 5 × kasi. Mchezaji aliyetoka kukimbia kwa nguvu zote anabaki na kasi kama 0.42, kwa hiyo mgawanyo ni 3.1, akiomba digrii 180 anapewa 58. Sasa kumbuka msimbo wako wa kwanza, ule wa kuutazama mpira kila duru. Nusu ya maisha yake alikuwa anageuka. Hata kama angekuwa na kasi ya kumshinda adui asingemshinda.

Kwa hiyo usirekebishe kila mpira unapoteleza digrii moja. Chukua mstari unaokimbia sasa, angalia utapita umbali gani kutoka pale mtakapokutana na mpira. Ukiwa chini ya sentimita 80 hivi, nyamaza, endelea kukimbia, unayo mita nzima ya kuufikia. Ukizidi, geuka mara moja, kwa pembe yote inayotakiwa.

Na macho: pembe nyembamba ya digrii 60 inakupa picha kila duru, ya 120 kila duru mbili, ya 180 kila duru tatu. Anayeufuata mpira awe kwenye 60. Wengine wapanue.

---

Mashine_Ijifunze

Naomba kuuliza bila ugomvi. Mwaka huu bado mnaandika kanuni kwa mkono? Mpe zawadi akiupata mpira, adhabu akiukosa, mwache acheze usiku kucha, asubuhi utamkuta anajua.

---

Logi_Asilia

Inawezekana, na sikatai. Lakini tazama hata wale waliofanya hivyo kwenye simulesheni hii hii. Peter Stone, Richard Sutton na Gregory Kuhlmann, kazi yao ya 2005 ya wachezaji watatu kuwanyima mpira wawili: walichomwachia mchezaji ajifunze ni uamuzi, aushike mpira au ampe nani pasi. Ule ujuzi wa chini, ukiwamo wa kuufuata mpira na kuufikia, waliuandika wenyewe. Na hata ukimwachia ajifunze kila kitu, ukimlisha umbali wa ngazi bila pembe ya uwanja, atatumia usiku mzima kujifunza kile ambacho mzee ameandika kwenye aya moja. Mpe kwanza namba nzuri.

---

MtotoWaKihesa

Wakuu, nimerudi. Nimefanya hivi: mahali pangu natoa kwenye bendera, kasi ya mpira natoa kwenye badiliko la umbali na la pembe nikiongeza kasi yangu, kitanzi cha n kinanipa pa kwenda, na mwelekeo wa uwanja unakagua kila duru. Kugeuka ni pale tu ninapovuka sentimita 80. Upinde umekufa. Anakwenda mstari, anageuka kidogo mara moja katikati, anaukuta mpira. Pasi ndefu za pembeni ndizo zinapendeza kutazama, anaanza kukimbia kuelekea mahali ambapo hapana kitu, halafu mpira unamfuata.

Kichujio cha Kalman nimekiweka pia, na sasa kinafanya kazi, ila nimekiambia upana na urefu si sawa: kwenye mstari wa kutoka jichoni kwenda kwenye mpira makosa ni makubwa, kukatisha mstari huo ni madogo. Kabla ya hapo nilikuwa nimeweka duara. Msimamizi amelitazama lile yai la makosa kwenye mchoro akasema "aha".

Limebaki moja. Sasa wachezaji wangu watatu wote wanajua kuukatia njia, na wote watatu wanakwenda.

---

Logi_Asilia

Kila mmoja apige kitanzi cha n kwa ajili yake na kwa kila mwenzake anayemwona, na kwa maadui pia. Mwenye n ndogo katika timu aende, wengine wafungue nafasi. Zikilingana, mwenye namba ndogo ya jezi. Kila mmoja anaona uwanja tofauti kidogo kwa hiyo kuna siku watakwenda wawili, au hataenda hata mmoja. Kwa wasiwasi huo, mchezaji aliyezidiwa duru moja tu na mwenzake naye asogee, asisimame kabisa. Na kipa mwekee hesabu yake: kwake yeye usitumie n ya kwanza inayowezekana kama ipo nje ya eneo la hatari, maana huko hana mikono.

---

NahodhaMstaafu

Na adui, mwanangu, mlenge vilevile kwa pembe. Adui ambaye mwelekeo wake kutoka kwa mpira hautelezi huku akiukaribia, huyo ndiye atakayefika, hata kama wamwona yuko mbali. Mwenye kukimbia kwa mbwembwe karibu na mpira lakini pembe yake yateleza, mwache apite. Kanuni ya 7 ina kipande cha pili ambacho vijana wa melini hukisahau: mwelekeo waweza kubadilika na hatari ikawapo bado, hasa ukikaribia chombo kikubwa sana, au kinachokokota kingine, au kilicho karibu mno. Kwa hiyo akishafika ndani ya mita tatu za mpira, pembe usiiamini tena, hapo tumia umbali. Ngazi zenyewe karibu hapo ni sentimita thelathini tu.